Blogu, dagaa na mtaji wa laki tano: njia ya mhitimu anayebaki Mwanza

Mwezi wa saba, mitihani ya mwisho ikishakwisha, vyumba vya kupanga vya Malimbe na Nyegezi huanza kuachwa kimoja kimoja. Godoro linauzwa, mtungi wa gesi unauzwa, na anayebaki Mwanza hubaki na simu, kompyuta na pengine laki tatu hadi tano alizodunduliza. Cheti bado hakijatoka, kwani mahafali ni mwishoni mwa mwaka. Miezi hiyo minne au mitano ya kungoja ndiyo wengi wetu tuliipoteza kwa kutuma barua za maombi na kukaa. Ndiyo hiyo hiyo inayofaa zaidi kuanzia kazi yako mwenyewe, maana matumizi bado ni madogo na hakuna anayeusubiri mshahara wako.

Yanayofuata yametokana na makosa ya waliotangulia. Kuna walioanza blogu wakiamini matangazo yatawalisha, na kuna walioanza biashara ya dagaa wakiamini kununua soko la Mwaloni na kuuza Dar es Salaam ni suala la nauli tu. Makundi yote mawili yaliumia. Waliosimama ni wale waliounganisha viwili hivyo: blogu ikaleta mteja, dagaa wakaleta pesa.

Dagaa tunawataja kwa sababu jina "dagaa wa Mwanza" linajulikana nchi nzima bila wewe kulipia tangazo hata moja. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Rastrineobola argentea, huvuliwa ziwa zima la Victoria. Akikauka ni mwepesi, hataki friji, na soko lake kubwa liko Mwaloni, Kirumba, karibu kabisa na katikati ya mji. Sangara na sato wanataka barafu, na barafu inataka mtaji ambao mhitimu hana. Kama moyo wako uko kwenye asali, karanga au mchele, hesabu za hapa chini zinakufaa pia, ila majina ya vitu yatabadilika.

Kwanza blogu, kwa hesabu ya kweli

Anayeanza blogu huwa ameshasikia habari za AdSense, mpango wa matangazo wa Google. Upo na unalipa, lakini tufanye hesabu. Google hailipi mpaka salio lako lifike dola 100. Kwa wasomaji wa hapa nyumbani, kurasa zikifunguliwa mara 1,000 mara nyingi pato halifiki hata dola 1. Tuseme imefika. Utahitaji kurasa zifunguliwe mara 100,000 ndipo upate malipo ya kwanza. Blogu changa inayofunguliwa mara 50 kwa siku hukusanya mara 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo malipo ya kwanza yatakuja baada ya miaka mitano na ushee. Wengi hawajui hesabu hii wanapoanza. Mwezi wa nne wakiona senti kadhaa kwenye akaunti hudhani wao ndio hawana kipaji, na wanaacha. Inauma, kwa sababu kipaji kilikuwepo.

Bado inafaa kujiunga pale blogu ikishakuwa na makala za kutosha, lakini jiandae na jambo moja linalowakwamisha watu wa kwetu. Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Isipoingizwa ndani ya miezi minne tangu namba ya kwanza itolewe, matangazo yanasimama kuonekana. Mhitimu anayeishi chumba cha kupanga hana sanduku la posta. Tafuta S.L.P. ya kuaminika mapema, iwe ya mzazi, ya parokia au ya shule anayofundisha ndugu, na uombe ruhusa ya mwenyewe. Jina kwenye akaunti liwe lile lile la kitambulisho. Kisha mwombe anayefungua sanduku aangalie bahasha yako, maana barua nyingi hukaa wiki kadhaa kwa sababu hakuna aliyejua zinasubiriwa.

Kosa lingine kubwa ni kuandika kila kitu: mpira leo, nafasi za kazi kesho, siasa keshokutwa. Huko utashindana na vyombo vyenye waandishi ishirini, na tena utaingia kwenye sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka, na blogu nyingi ndogo zilifungwa na wenyewe kwa kushindwa kulipa. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, mzigo ukapungua, na leseni sasa inawaangukia zaidi wanaotoa habari na matukio. Ukitaka kuweka hata kipande cha habari, pita kwanza ofisi ya Kanda ya Ziwa ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa Mwanza, ueleze unachokusudia kuandika na uondoke na jibu lao. Picha za watu wengine usizichukue kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha wa Igombe sawasawa na wa Ulaya.

Andika unachoweza kukijua kuliko msomaji wako. Msomaji aliyeko Dodoma au Mbeya hajawahi kuona dagaa wakianikwa. Anachouliza ni hiki: mchanga unatokaje? Kwa nini dagaa wengine ni wachungu? Wanatofautianaje na wa Kigoma? Mtoto wa mwaka mmoja anawezaje kula? Kila swali ni makala. Hilo la Kigoma peke yake lina mambo mengi, maana dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa samaki wa baharini aina ya sardini, na wa kwetu ni wa ukoo mwingine kabisa. Kichwa cha makala kiwe yale maneno mtu anayoyaandika kwenye simu akitafuta, kwa mfano "jinsi ya kutoa mchanga kwenye dagaa". Ndani ya makala taja pia kwamba Kenya samaki huyu huitwa omena na Uganda mukene. Maneno hayo mawili tu hukufungulia wasomaji wa nchi mbili.

Kuhusu vifaa usitumie pesa nyingi. Blogger ya Google ni ya bure na inatosha mwaka mzima wa kwanza. Gharama ya lazima ni jina lako la tovuti, na la .co.tz mara nyingi halizidi shilingi 40,000 kwa mwaka. Hakikisha limesajiliwa kwa baruapepe yako mwenyewe, si ya fundi aliyekusaidia. Watu wamepoteza jina la miaka miwili kwa sababu fundi alihama na hakuna aliyelipia upya. Picha ipunguze mpaka iwe chini ya KB 150 kabla ya kuipandisha, kwa kuwa msomaji wako anatumia bando la siku na hatasubiri picha ya MB 4. Andika makala kumi na mbili kwanza, moja kwa wiki, ndipo uanze kuwatangazia watu. Blogu yenye makala mbili humfukuza mgeni, naye harudi. Unganisha pia Search Console ya Google, ambayo ni bure, nayo itakuonyesha maneno halisi yaliyomleta mtu kwako. Maneno hayo ndiyo yatakayokuambia uandike nini mwezi ujao.

Mwaloni

Makala zikiwa zinaendelea, nenda Mwaloni. Safari ya kwanza nenda bila nia ya kununua, na pesa ya mtaji ibaki nyumbani. Usianze na bei. Mwenye meza ni mama wa umri wa mama yako. Msalimie, "Shikamoo mama, habari za biashara?", na akikuitikia "Marahaba mwanangu", muulize dagaa wametoka kisiwa gani na wameanikwa juu ya nini. Hapo ndipo biashara yote ilipo. Dagaa huanikwa kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye nyavu zilizotandazwa chini, juu ya miamba, au kwenye chanja zilizoinuliwa. Wa mchangani ni wa bei nafuu na mchanga wao hautoki wote hata uwaoshe mara nne. Wa kwenye chanja hukauka haraka kwa sababu upepo hupita juu na chini, na kuku na mbuzi hawawafikii. Tofauti ya bei unayolipa kwa wa chanja utairudishiwa na mteja anayerudi.

Kuna vipimo vinne usiviache hata muuzaji akiharakisha. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu juu huwekwa wazuri. Shika dagaa mmoja umvunje: aliyekauka hukatika kwa mlio, mwenye unyevu hupinda. Tazama rangi, kwani dagaa mzuri hung'aa kama fedha na tumbo lake halijapasuka. Akiwa amegeuka manjano au kahawia, mafuta yake yameshachacha na uchungu huo hautoki kwa kukaanga. Mwisho, omba bakuli la maji, tia konzi mbili za dagaa, koroga, watoe, uangalie kilichobaki chini. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia maji. Kuna wanaonyunyizia dagaa maji au kuacha mchanga ili gunia liwe zito, na kwa macho tu hutajua.

Bei ya Mwaloni inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, ili mwanga uwakusanye samaki kwenye wavu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika kwa wiki moja au zaidi. Mzigo hupungua na bei hupanda. Giza likirudi, dagaa wanajaa sokoni na bei inashuka. Asiyejua jambo hili hununua wiki ya mbalamwezi, kisha anashangaa mwenzake anauza kwa bei ndogo kuliko yeye na bado anapata faida. Weka kalenda ya mwezi kwenye simu. Nunua wakati wa giza mzigo wa kukutosha mpaka giza linalofuata, usizidishe, na kwa mara ya kwanza kilo 20 zinatosha kabisa.

Kuanika tena, kupoza, kufunga

Wengi huchukua dagaa Mwaloni, wakawafunga kwenye mifuko mizuri siku hiyo hiyo, na baada ya siku kumi mteja wa Morogoro anatuma picha ya ukungu. Dagaa waliokauka hunyonya unyevu wa hewa tena wakikaa kwenye gunia, na mfuko usiopitisha hewa huufungia unyevu huo ndani pamoja nao. Kwa hiyo lazima uwaanike upya.

Tengeneza chanja ya miti yenye kimo cha mita moja, juu utandaze wavu wa matundu madogo. Kwanza chekecha dagaa kuondoa mchanga na vipande vilivyovunjika, kisha watandaze tabaka moja wasilaliane. Jua la saa tano mpaka saa tisa linatosha siku isiyo na mawingu, ukiwageuza mara mbili. Baada ya hapo waingize ndani na uwaache wapoe kabisa, saa moja au zaidi, wamefunikwa kwa kitambaa safi. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Dagaa wa moto wakifungwa, mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko, na ukungu huanzia hapo.

Vifaa ni vichache: mizani ya kidijitali inayopima mpaka kilo 5, mashine ndogo ya kubania mifuko kwa moto, mifuko ya kusimama yenye zipu, na lebo. Mizani na mashine kwa pamoja vinaweza kukugharimu laki moja hivi, na hivyo ndivyo vya kununua vipya. Usinunue lebo 1,000. Chapisha 100 za kwanza, maana utagundua umekosea namba ya simu, au mamlaka watakutaka uongeze tarehe ya kutengenezwa. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya kubebea, si vifungashio vya bidhaa. Hata hivyo nunua vifungashio vyenye alama za ubora kutoka duka linalokupa risiti, ili ukiulizwa uwe na la kuonyesha.

Tarehe ya mwisho wa matumizi usiikisie kwa kunakili pakiti ya mwingine. Katika mzigo wako wa kwanza weka pembeni pakiti sita, fungua moja kila mwezi, nusa, onja, angalia rangi, andika. Mwezi utakaoona mabadiliko ndio unakuonyesha mpaka wako. Na kwenye lebo usiandike kwamba dagaa wanatibu chochote. Ni chakula kizuri chenye protini na madini ya chokaa, na hilo linatosha.

Hesabu ya pakiti ya robo kilo

Hapa ndipo wahitimu wengi wenye akili nzuri walipopoteza mtaji. Bei hubadilika, kwa hiyo zichukue hizi kama mfano wa kukokotoa. Tuseme kilo ya dagaa wa chanja ni shilingi 7,000. Anayeanza hugawa kwa nne, anapata 1,750 kwa robo kilo, anauza 3,000 na kujiona ana faida ya 1,250.

Sasa tuhesabu vizuri. Kilo 10 umenunua kwa 70,000. Baada ya kuchekecha, kuchambua na kuanika tena umebaki na kilo 8. Kilo moja sasa imekugharimu 8,750, na robo yake ni kama 2,190. Mfuko ni 400. Lebo ni 150. Kibarua wa kuchambua na kufunga, hata kama ni wewe mwenyewe, ni 200. Umeme, maji na vitambaa ni 100. Usafiri kutoka Mwaloni na kupeleka mjini ni 150. Jumla ni 3,190. Yule anayeuza 3,000 anampa kila mteja shilingi 190 kutoka mfukoni mwake, na kadiri anavyouza sana ndivyo mtaji unavyokwisha haraka. Ukiwatoa vichwa na matumbo, upungufu ni mkubwa zaidi, kwa hiyo pima mwenyewe kabla na baada, uandike.

Kwa gharama hiyo, 4,500 kwa mteja wa moja kwa moja inaacha 1,310. Ukipeleka dukani, mwenye duka naye anataka chake. Ukimpa kwa 3,800 unabaki na 610, na wengi watataka mali kauli: wachukue leo, walipe ikishauzwa. Mali kauli ni njia ya kawaida ya biashara, lakini pesa yako hulala rafuni mwezi mzima. Anza na maduka mawili, kila moja pakiti kumi, yaandikwe kwenye daftari na kusainiwa, na usiongeze mzigo mpaka ule wa kwanza ulipwe wote.

Mgawanyo wa laki tano unaweza kuwa hivi: dagaa 140,000, mizani na mashine 100,000, mifuko na lebo za kuanzia 60,000, chanja 30,000, jina la tovuti na bando 60,000, nauli na ushuru 30,000. Hiyo ni 420,000. Elfu themanini iliyobaki usiiguse. Hiyo ni ya mzigo wa pili endapo wa kwanza utaharibika, na mara nyingi kitu fulani kwenye mzigo wa kwanza huharibika.

Karatasi za serikali

Ukiwa na namba ya NIDA, kazi hii si ngumu kama inavyoogopwa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ada ni kama 20,000. TIN ya TRA ni bure, na anayekuomba pesa ya TIN mkwepe. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato, lakini viwango hupitiwa kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo uliza upya kila Julai. Leseni ya biashara hutoka halmashauri, na hapa watu hupotea njia: Malimbe na Nyegezi ziko Jiji la Mwanza, Kirumba iko Manispaa ya Ilemela. Nenda kule ambako biashara yako inafanyikia.

Kwa upande wa chakula, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato. Wana mafunzo ya usindikaji, na barua yao ya utambulisho ndiyo humfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Wakija kukagua watatazama sakafu, maji, mikono na mahali pa kuhifadhia, si ukubwa wa jengo. Magunia yakianza kutoka nje ya mkoa, pita kwanza ofisi ya uvuvi upate nyaraka za kusafirishia. Mzigo usio na karatasi huzuiwa njiani na hakuna wa kulaumiwa.

Oda inapoingia

Kila makala imalizike kwa sentensi mbili: unauza nini, na namba ya WhatsApp. Mtu aliyesoma maelezo yako ya kutoa mchanga ameshakuamini kabla hamjazungumza. Hapo ndipo blogu inapolipa, na pakiti tano kwa msomaji mmoja zina faida ambayo matangazo yangeileta baada ya wiki nyingi.

Malipo yatangulie kwa lipa namba ya biashara, kwenye laini tofauti na ile yako ya kawaida. Usitume mzigo kwa kuona ujumbe tu, kwa sababu ujumbe wa muamala hughushiwa. Fungua menyu, angalia salio. Mzigo kwenda Dar es Salaam au Dodoma huenda kwa basi kutoka Nyegezi au Nyamhongolo, na gharama ya kifurushi kidogo huweza kula faida yote. Weka kiwango cha chini, tuseme kilo 2, au kusanya oda za mji mmoja zitoke siku moja kwa wiki. Pakiti ziingie kwenye boksi gumu, jina na simu ya mpokeaji viandikwe pande mbili, na picha ya risiti ya basi imfikie mteja kabla gari halijavuka Usagara. Mteja anayejua mzigo wake uko wapi hapigi simu usiku kwa hasira.

Nyumbani, na mikopo

Kuna jambo lisilo na shilingi ambalo hugharimu zaidi. Baba aliuza ng'ombe ili usome. Siku atakaposikia unachambua dagaa, atanyamaza, na ukimya huo utakuuma kuliko maneno. Usimkwepe. Nenda na daftari, umwonyeshe hesabu: baba, mwezi huu nimenunua kwa kiasi hiki, nimeuza kiasi hiki, kimebaki hiki. Wazazi wa Usukumani wamefanya biashara ya pamba na ng'ombe, na daftari wanalisoma vizuri kuliko blogu. Endelea pia kuomba ajira, huo si usaliti kwa biashara yako. Aliyejiajiri naye anapaswa kurejesha mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo, hivyo tenga kidogo kila mwezi badala ya kuusubiri ukue.

Mtaji ukiyumba, utaona matangazo ya mikopo ya dakika tano. Hiyo ndiyo inayoitwa kausha damu, na jina linaifaa. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi haiendani na dagaa wanaokaa rafuni siku thelathini. Kikoba cha watu mnaofahamiana ni salama zaidi. Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani imetengwa kwa vijana. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Anzeni kikundi mapema, kabla ya shida, na muwe watu mnaoweka akiba pamoja kweli kweli.

Masika ya kwanza na oda kubwa ya kwanza

Mvua za Machi mpaka Mei ni mtihani. Dagaa wengi hawakauki visiwani, wanaoza, wanauzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Wazuri hubaki wachache na bei yake ni kali. Mwezi wa pili, giza la mwisho kabla ya mvua, ongeza mzigo wako maradufu, uanike vizuri, uhifadhi kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, juu ya mbao, mbali na ukuta. Masika ni wakati mzuri wa kuandika makala, kwa sababu jua ni haba na mikono ina nafasi.

Kisha siku moja atapiga simu mtu aliyesoma blogu yako, anataka kilo 300, atalipa mzigo ukifika. Utasikia joto mwilini na utaanza kuhesabu faida kabla hujakata simu. Kilo 300 kwa 7,000 ni milioni 2 na laki moja ambazo huna, na ukizikopa Mwaloni jina lako ndilo dhamana. Usimkatalie. Mwambie utamtumia kilo 20 kwa malipo ya awali, azione, azipime, azipike. Akikubali, gunia la kwanza liende kwa nusu ya pesa kabla ya kupakia na nusu nyingine akipokea stendi, na gunia la pili litoke Mwanza pale tu pesa yote ya la kwanza itakapokuwa imesoma kwenye salio.